Utomvu wa Tumbaku

Miaka ya tisini, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa historia alikuwa na shamba la tumbaku nje kidogo ya mji wa Migori. Asubuhi alitufundisha habari za watumwa wa Marekani. Alisema matajiri walinunua watu kwa sababu jani la tumbaku likiiva halingoji, na mtu wa kununuliwa halipwi wala haachi kazi. Alisema pia kwamba wapishi wengine walilipiza kisasi kwa kuharibu chakula cha mabwana zao. Alisema hayo karibu kulia, mnafiki yule.

Mchana alitupeleka shambani kwake kuvuna. Bure. Aliyechana jani alichapwa. Utomvu wa tumbaku ulitugandia mikononi, mweusi kama lami, na jioni ugali wetu ulikuwa mchungu.

Siku moja alipata wageni, akanitoa shambani nikawapikie. Jikoni kwake kulikuwa na ndoo ya maji na kipande cha sabuni. Sikuvigusa. Nilikunja majani ya sukuma wiki, nikayabana ndani ya ngumi, nikayakata membamba, kisha nikayafinyafinya tena kabla ya kuyatia sufuriani.

Alionja wa kwanza, akatema.

"Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu, mwalimu." Nikamwonyesha viganja vyangu, yeye na wageni wake. "Nimetoka shambani kwako."

Wageni walisukuma sahani zao, wakamtazama yeye. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni. Nilitaka amalize chakula chake.