Mrija wa Mzee Mwaikenda

Siku ya kwanza kazini Bwana Afya wa kata alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniuliza, "Umemaliza form four?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Uliyosoma yaweke pembeni kidogo. Hapa somo ni kinyesi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanipa gambuti zilizonizidi miguu, glovu, na bomba la mgongoni kama lile tunalopulizia kokoa nyumbani, ila humo ndani kulikuwa na maji ya klorini. Ile harufu ilinikaa puani mpaka nikawa naisikia hata kwenye ugali.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaomaliza shule sasa. Najua mtasema, huyu naye ana umri gani mpaka atusimulie mambo ya kazini? Sawa. Lakini kazi yangu ilianza na mvua, ikaisha kipindupindu kilipoisha, bomba nimerudisha, gambuti nimerudisha. Nimestaafu. Na wastaafu husimulia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ngana, kwenye mahema yaliyosimamishwa nyuma ya zahanati. Mkuu wetu pale alikuwa Sista Mfawidhi, mama mfupi, mnene, ambaye hakuwahi kupaza sauti na wote tulimwogopa. Ndiye aliyenifundisha kubana ngozi. Unashika ngozi ya tumbo la mgonjwa kwa vidole viwili, unaivuta, unaiachia. Ikirudi hapo hapo, maji mwilini bado yapo. Ikibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, maji yamekwisha, kimbia.

Akanifundisha pia kunywesha. Pakiti moja ya ORS, yaani ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hiyo nilishika upesi. Kilichonishinda ni mwendo. Mimi nilikuwa nampa mgonjwa kikombe kizima, anakigugumia, halafu anakitapika chote kwenye gambuti zangu.

"Lusajo," Sista akaniambia, "hiyo haraka yako ndiyo anayoitapika. Kidogo kidogo. Akitapika, subiri, anza tena."

"Sista, lakini wagonjwa ni wengi."

"Ndiyo. Na kila mmoja ana koo moja."

Nilikaa naye wiki chache tu, lakini nikiulizwa nani mwalimu wangu namtaja yeye.

Busale, kituo changu cha pili, sitaisema sana. Kule tulizunguka mashambani wakati wa kupalilia mpunga, tunagawa vidonge vya kutibu maji, kwa sababu watu walikuwa wanakunywa ya mfereji. Akina mama walinitania mpaka nikazoea. "Wewe mtoto, haya maji yako yananukia kama shuka la gesti! Baba watoto ataniuliza nimetoka wapi!" Walivitumia, lakini. Nawashukuru, maana wangeweza kunifukuza na nisingewafanya kitu.

Halafu nikapelekwa Katumba Songwe, na huko ndiko yalikotokea haya ninayotaka myajue.

Mto Songwe ulikuwa umepanda ukaingia kwenye migomba. Barabara imekatika, bodaboda hazipiti, mitumbwi ya kuvuka kwenda Malawi imefungwa. Asubuhi hiyo nilikuwa napita nyumba kwa nyumba kwa miguu, maji magotini, nikafika kwa Mzee Mwaikenda. Nje, nyuma ya jiko, nikamkuta dada mmoja amechuchumaa, analia bila sauti. Ni Tumpe, mke wa mtoto wa yule mzee.

"Ugonile, dada. Kuna nini?"

"Baba anaharisha tangu alfajiri. Anatapika."

"Yuko wapi?"

"Ndani."

"Yuko na nani?"

Akatazama chini. Hakuwa na mtu. Mama mkwe alikuwa amekwama Malawi, kwenye msiba wa dada yake. Mume alikuwa ameenda Mbeya na magunia ya mpunga. Majirani wamesimama mbali, wanaogopa ugonjwa. Tumpe alikuwa amechemsha maji, amesukuma sufuria mpaka mlangoni, basi, akaishia hapo.

Kwa asiye wa huku nieleze. Sisi tuna ukutila. Mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe wake. Hawatazamani usoni, hamtaji jina, haingii chumba alichomo. Wakikutana njiani yeye anaacha njia. Siku hizi mjini wengi wamelegeza. Nyumba ile walikuwa hawajalegeza hata kidogo.

Niliingia. Mzee alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya ukuta, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Nikabana ngozi ya tumbo. Ikasimama. Nikamkorogea ORS, nikaanza kumpa kijiko baada ya kijiko, na mkono wa pili nampigia Sista simu.

"Anameza?" akauliza.

"Anameza."

"Basi anahitaji dripu leo hii, lakini atafika hai akiendelea kunywa. Tafuteni machela mumlete. Na Lusajo, usimwache bila mtu wa kumnywesha. Umenisikia?"

Nilimsikia, lakini machela ilikuwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, ng'ambo ya maji, simu yake haipatikani, na wabebaji wangetoka huko huko. Wa kwenda nilikuwa mimi tu. Nikatoka nje.

"Dada Tumpe, ingia umnyweshe. Mimi naenda na kurudi."

"Siwezi."

"Atakufa!"

"Kaka, usinipigie kelele. Unafikiri sijui? Nikiingia nikamwona vile alivyo, hata akipona, hapa nyumbani tutaishije?"

Sauti ikatoka ndani, nyembamba kama ya mtoto. "Kijana. Mwache mwanangu. Asiingie."

"Mzee, nani atakupa maji sasa?"

Akapumua kwanza. "Ingekuwa kimpumu, ningeshamaliza mtungi. Nimelala hivi hivi."

Alikuwa anatania. Mtu anakaribia kukata roho na anatania pombe! Lakini mimi na Tumpe tulitazamana. Kimpumu, pombe yetu ya ulezi, hatunywi kwa kikombe. Mtungi unakaa katikati, kila mtu na mrija wake mrefu.

"Mrija wake uko wapi?" nikauliza.

Tumpe alishanyanyuka. Ulikuwa umechomekwa juu ya paa la jiko. Akautumbukiza kwenye maji yanayochemka, akaugeuza geuza. Mimi nikatafuta mahali udongo wa ukuta ulipobanduka, nikapatanua kwa kisu mpaka mwanzi ukaonekana na mwanga ukapenya. Tundu lilitokea karibu kabisa na kichwa cha mzee. Nje tukapandisha ndoo ya ORS juu ya kinu, ili maji yamfuate yenyewe. Mrija ukapita ukutani. Mzee akaupokea mdomoni, akafumba macho.

"Kidogo kidogo, mzee. Ukimeza, gonga ukuta. Ukichoka, pumzika, halafu anza tena."

Akagonga kwa kidole. Tumpe, upande wake, akagonga kumjibu. Nikawaacha hivyo.

Sijawahi kwenda mbio kwenye maji namna ile. Gambuti moja ilibaki kwenye tope, nikarudi kuivua kwa mikono kwa sababu nilimwogopa Bwana Afya kuliko mto. Wanaume wanne walikubali kuja. Wawili walikuwa wanakataa, mpaka mtendaji akavua viatu mwenyewe akashika machela.

Tulipofika, kulikuwa kimya. Tumpe alikuwa amepiga magoti, kiganja kimelala ukutani.

"Ameacha kugonga," akaninong'oneza. "Sasa hivi tu. Nagonga, hajibu."

Nikatazama ndoo. Ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Nikaingia. Mzee amelala, mrija ameukamata kwa ngumi kama mtu anayenyang'anywa. Nikabana ngozi. Ikarudi. Polepole, lakini ilirudi. Akafumbua jicho moja.

"Msiondoe mtungi," akasema.

Huko nje waliposikia nikicheka walijua.

Alifika kituoni akiwa hai, akawekewa dripu, akapona. Sista aliposikia habari ya mrija alisema, "Kidogo kidogo. Angalau umenisikia." Bwana Afya yeye alifoka kwanza. "Mrija wa pombe? Kwenye kipindupindu?" Akaamuru uchomwe moto, na aliposimama kuutazama ukiungua nilimwona mabega yanacheka.

Mahema yalipofungwa tulishukuriwa kwa maneno na soda. Wengine walinung'unika. Mimi kwa kawaida ndiye wa kwanza kunung'unika, lakini siku ile sikuona cha kunung'unikia. Nilikuwa nimefundishwa na watu wakali wenye moyo, na nyumba zisizonijua zilinifungulia milango siku ambazo watu walifungiana.

Majuzi nimepita kumsalimia Mzee Mwaikenda. Mtoto wake alikuwa anakandika ukuta, kazi nzuri, udongo laini. Sehemu moja ameiruka.

"Hapo vipi?" nikamuuliza.

"Baba amekataa. Kote niliambiwa ziba, hapo paache."

Mzee alikuwa ndani, anakula wali na mbasa, samaki wa ziwani kwetu. Tukaongea mambo ya mto na bei ya kokoa. Alipomaliza akasogeza sahani, akanyoosha mkono mpaka pembeni ya lile tundu, akagonga ukuta kwa kidole.

Nje, jikoni, mwiko uliacha kusonga. Halafu ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili.