Punje Ishirini na Sita za Mwanahija

Mji wa Bagamoyo ulimvumilia Mwanahija binti Mwishehe ulimi wake kwa sababu ya mkono wake. Ulimi ulikuwa wa kumvua mtu nguo sokoni. Mkono ulikuwa wa kumvika kofia. Na kofia zenyewe si hizi za cherehani zinazopauka kabla ya Idi ya pili. Ni kofia za viua, vile vitundu vidogo kama jicho la dagaa vinavyotobolewa kwenye bafta nyeupe, kila kimoja kikazungushiwa uzi kwa sindano, mamia kwa mamia, mpaka kitambaa kikasimama chenyewe kama kina mifupa. Maimamu wawili walizivaa. Mwenyekiti wa tawi aliivaa. Mwizi mmoja wa kuku naye aliivaa, na kwa miaka mitatu watu walimpa shikamoo kabla hawajahesabu kuku wao.

Mwaka wa sabini na mbili, siku chache kabla ya Ramadhani, Mwanahija alikuwa akiosha chemni ya taa. Alifanya kama afanyavyo kila mtu: akafungia kitambaa kwenye vidole, akautia mkono wa kulia ndani ya kioo, akazungusha. Kioo kikapasuka. Damu ilipokwisha kuzuiwa na ngozi kushonwa, kovu la kwenye kifundo cha mkono likapona vizuri kabisa, jembamba kama uzi. Vidole ndivyo vilivyokataa. Dole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwepo, vinaonekana, vina kucha, lakini havina habari. Ungeviuma visingekujibu.

Kwa mshona kofia hayo ni mauti. Sindano ya viua haiongozwi kwa macho. Inaongozwa kwa nyama ya ncha ya kidole.

Dar es Salaam ndiko alikokutana na daktari wa mishipa ya fahamu, mtu mfupi, mpole, mwenye mikono midogo kama ya mwali. Akampasua, akautafuta mshipa uliokatika, akauunga kwa uzi usioonekana. Kesho yake akaja kitandani.

"Nimeuunga, mama. Lakini kuunga ndiyo kazi yangu, kuota ni kazi yake. Utaota kuanzia hapa kwenye kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole."

"Siku ngapi?"

Daktari akatazama huku na huku, akachukua punje moja ya wali kwenye sahani yake ya mchana, akailaza juu ya shuka. "Hii. Kwa wiki moja."

"Punje moja? Kwa wiki?" Mwanahija akainua kichwa. "Hata konokono angeona haya."

"Na mwezi wa kwanza hautafanya chochote. Utalala tu."

"Basi huo ni mwanamume."

Muuguzi alilazimika kutoka nje. Daktari, alipomaliza kucheka, akamwonyesha namna ya kupima: agonge kwa kidole cha mkono wa pili, taratibu, kuanzia kwenye kovu kwenda mbele. Pale atakaposikia kama umeme mdogo, kama siafu anakimbia, ndipo mshipa ulipofikia. Akaweka alama ya kalamu. Akamwonya juu ya moto na visu, akamruhusu.

Nyumbani, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupanga mchele. Alimwita jirani yake Mwaija, shoga wa tangu utotoni, wakalaza punje kichwa kwa mkia kutoka kwenye kovu hadi ncha ya kidole cha kati. Zilikuwa ishirini na sita.

"Ishirini na sita, na mwezi wa usingizi," Mwaija alisema. "Mtoto anazaliwa na kuanza kucheka, shoga, wewe bado unapanga mchele."

Jambo la pili alilofanya, au tuseme alilofanyiwa, lilikuwa kuandikwa. Balozi wa nyumba kumi, Bwana Husseni, alipita na daftari lake. Siku zile taifa lilikuwa limeamua kwamba asiyefanya kazi ni kupe, na Bwana Husseni, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kuonekana ameshika jembe isipokuwa kwenye picha, alikuwa na bidii sana ya kutafuta kupe.

"Kazi yako?"

"Kuota mshipa."

"Hiyo haimo kwenye safu."

Akaandika *hana*. Na karatasi hiyo ikawa na miguu. Ilifika Msata, kwa kaka yake Mwanahija, Kitwana, mkulima wa mahindi mwenye sauti ya kufukuza nyani mabonde mawili. Kitwana akatuma neno: mwanamke asiye na mume, asiye na mkono, mji unamtaka nini? Aje Msata. Kazi ipo, ya kuamia shamba: akae kwenye dungu juu ya miti minne, apige kelele nyani wakija. Kelele, alisema Kitwana, hazihitaji vidole, na kelele anazo.

Salamu hizo zilimfikia Mwanahija. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Alijiona juu ya dungu, na wale waliokuwa wakimngojea miezi kwa kofia moja wanapita chini barabarani na kofia za cherehani.

"Mwambie mshipa unakuja," akamwambia mjumbe. "Uko njiani."

Njiani ulikuwa, lakini kwa mwendo wa karani wa serikali. Kila aliyeingia nyumbani alikuja na chupa: mafuta ya nyonyo, mafuta ya chatu, mafuta ya kitu ambacho mletaji mwenyewe hakutaka kukitaja. Alikunywa kombe, aya za zafarani zilizooshwa kwa maji, sahani nzima. Akakanda vidole kwa mkono wa kushoto asubuhi na jioni, akivikunja na kuvikunjua kama anayemvalisha mtoto mkaidi. Siku moja jikoni alisimama akanusa.

"Mwaija, nani anachoma nyama saa hizi?"

"Wewe!" Mwaija alipiga yowe, akamvuta mkono kutoka kwenye ukingo wa chungu.

Wiki ya kumi subira ikamwisha. Alijifungia chumbani na kipande cha bafta, akashika sindano kwa nguvu ya macho peke yake, akashona kiua kimoja, cha pili, cha tatu, akaona mambo si mabaya. Alipokigeuza kitambaa, upande wa chini ulikuwa umetapakaa madoa mekundu. Alikuwa amejidunga kidole mara saba au nane, na kidole hakikumwambia.

Alikifua kipande kile mwenyewe, kwa mkono mmoja. Mwaija alimkuta uani.

"Nimeuhimiza," Mwanahija alisema. "Kama mtu anayeotesha mwembe kisha kila siku anaufukua aone mizizi."

"Basi usiufukue. Upime tu."

Kupima kulikuwa na shida yake. Alama ya kalamu haidumu kwa mtu anayetawadha mara tano kwa siku. Mwaija ndiye aliyepata wazo: hina. Kila Ijumaa baada ya adhuhuri walikaa ukumbini, Mwanahija akagonga kiganja taratibu, na pale siafu walipokimbia Mwaija akaweka nukta ya hina kwa kijiti cha chelewa. Wiki hii hapa. Wiki ijayo punje moja mbele. Wiki nyingine mshipa uligoma, wakarudia nukta ileile na kuutukana. Wiki iliyofuata uliruka punje mbili, kama umeona aibu.

Hapo ndipo Mwaija alipofanya kosa. Alikuwa mpambaji wa maharusi, na nukta tupu kwenye kiganja cha mwanamke zilimkera moyo kama nyumba isiyo na paa. Nukta ya kumi akaizungushia majani. Ya kumi na moja akaitia ua. Mwanahija, aliyekuwa ameshughulika na siafu wake, hakukataza. Baada ya mwezi kiganja chake kilikuwa na mche mzima unaopanda kutoka kwenye kovu, una maua, una matawi, unaelekea kwenye vidole.

Sasa, Bagamoyo kila mtu anajua: mwanamke aliyeachika hapambi kiganja chake kwa maua. Akipamba, kuna mtu. Mwanahija alipokea chenji sokoni kwa mkono ule, na muuza samaki akaona. Jioni hiyo mji ulikuwa umempatia mchumba. Habari ilipofika Zinga alikuwa amekwisha kutolewa mahari. Ilizunguka Dar es Salaam ikapanda malori. Chalinze alikuwa ameolewa. Na iliposhuka Msata alikuwa na mimba ya miezi minne.

Kitwana alifika Jumatano, amevaa kanzu, ana mbuzi dume kwenye kamba. Hasira alikuja nayo kwa sababu yeye ndiye walii wa kumwoza na hakuulizwa. Mbuzi alikuja naye kwa sababu, kama ni kweli, isije ikasemwa ndugu wa bibi harusi walikuja mikono mitupu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba haipo! Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo bwana! Nani kakuoza? Mie si hai?" Akamshika mkono, akaugeuza kiganja. "Na hii nini?"

"Huo ni mshipa, kaka."

Bwana Husseni alikuwa amefuata nyuma na daftari lake, kwa kuwa ndoa nayo ina safu yake. Majirani walijaa uani. Ikabidi Mwanahija aeleze mbele ya wote: punje, nukta, siafu, Ijumaa. Alipofika kwenye maua, kila mtu alimgeukia Mwaija.

"Nilidhani yatamfurahisha," Mwaija alisema, akiangalia vidole vya miguu yake.

Kitwana hakucheka. Alikuwa amesafiri siku mbili na mbuzi asiyependa lori. "Miezi sita, dada. Umepata nini? Fumba macho. Nakutia kitu mkononi. Ukikijua, nakuacha. Usipokijua, kesho asubuhi tunapanda gari, na mahindi yameshabeba."

Mwanahija akafumba macho. Akanyoosha mkono wa kulia. Kitwana akatazama chini, akainama, akaokota alichokuwa amekiacha mbuzi muda si mrefu, akakiweka kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

Mwanahija alikiviringisha. Majirani wakasogea. Alikiviringisha tena, uso umekunjamana.

"Kunde," alisema.

Kicheko kilichopasuka kiliwatoa kunguru juu ya paa. Bwana Husseni alikalia daftari lake. Mwanahija akafumbua macho, akaona alichoshika, na watu wakangoja ulimi ule uanze kazi.

Hakutukana. Alikiangalia kidonge kile, akakiangalia kidole, na macho yakamjaa maji.

"Ni kidogo," alisema. "Na ni cha mviringo."

"Ni mavi ya mbuzi, dada!"

"Ni kidogo na cha mviringo, Kitwana! Jina lake nimekosea, umbo lake nimelipata! Wiki ya kumi ungenipa kinu cha kutwangia nisingejua kama nimeshika kitu!" Akakiinua juu watu wote wakione. "Mshipa umefika! Mwaija, umefika kidoleni!"

Mwaija ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wengine wakafuata, hata wasioelewa, maana mbuzi alikuwepo na watu wamejaa, na mwili wa Mswahili unajua la kufanya. Kitwana alisimama katikati, walii wa harusi isiyo na bwana. Mwisho akasema kwamba mkono unaoweza kudhani kunde si mkono uliokufa. Atamwacha mpaka mvua za vuli. Mbuzi akachinjwa, kwani kumrudisha Msata ingekuwa adhabu kwa wote wawili.

Miezi iliyobaki Mwanahija aliisubiri kama mtu anayejua mgeni ameshaonekana njiani. Hakushika sindano. Alichambua choroko na kunde zilizochanganywa, macho yamefungwa. Alivuta uzi wa pamba, kisha wa hariri. Nukta ziliendelea, na maua yaliendelea pia, kwa ruhusa rasmi sasa. Mji ulikuja kila Ijumaa kuuliza mche umefika wapi, kama waulizavyo matokeo ya mpira.

Mwezi wa Shaabani, nukta ilikaa juu ya ncha ya kidole cha kati, na hakukuwa na pa kwenda mbele. Kitwana naye alikuwa amefika kumchukua, maana mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika. Mwanahija akaleta bafta, akakaa mkekani mbele yake, akatia uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza ulikosa tundu. Ya pili ulikosa. Ya tatu ukapita. Akatoboa, akazungusha, akavuta. Kidole kilikuwa chini ya kitambaa, hakionekani. Kiua kimoja. Cha pili. Cha tatu kilikuwa kimefika nusu aliporuka.

"Uwiii! Mama yangu nakufa!"

Tone dogo jekundu lilitokeza kwenye ncha ya kidole.

"Imekudunga?" Kitwana aliinuka.

"Imenidunga!" Mwanahija alikuwa akilia na kucheka, anautikisa mkono hewani. "Inauma, kaka! Wallahi inauma vibaya sana! Mwaija, njoo uone, inauma!"

Mwaija alikuja mbio na kigelegele kikiwa mdomoni tayari. Mtaa mzima ulifuata kumpongeza mwanamke kwa kujichoma na sindano. Naye akaonyesha kidole kwa kila aliyetaka na wasiotaka, kisha akawafukuza wote, kwa maneno ambayo mji ulikuwa umeyakosa mwaka mzima, akarudi kumalizia nusu ya kiua iliyobaki. Kilitoka kimepinda kidogo. Cha nne kilitoka sawa.

Kitwana alilala usiku mmoja akarudi Msata peke yake, akawaajiri wengine wa kupigia nyani kelele, na inasemekana nyani hawakuridhika na ubora.

Siku tatu kabla ya Ramadhani Bwana Husseni alibisha hodi. Alikuwa amekata ule mstari wenye *hana*, akaandika juu yake *fundi*, na alitaka Mwanahija aone kwa macho yake. Kisha akakohoa. Idi inakuja. Kungekuwa na mkutano. Kichwa cha balozi, mbele za watu…

Mwanahija hakuinua macho kutoka kwenye bafta. Vidole vilikuwa vikienda, polepole bado, lakini vikienda, kila kimoja kikiwa na habari zake.

"Watu kumi na mmoja wako mbele yako, balozi," alisema. "Keti. Sitakuambia siku ngapi. Kila Ijumaa pita uniulize nimefika wapi."