Jenerali na Tumbo la Shibe

Daktari wa mifugo aliinua jicho kutoka kwenye darubini, akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu mwenye akili timamu.

"Dada, samahani. Nyumbani kwenu watu wanajisaidia wapi?"

Nikamwambia chooni, kama watu wote.

Hakucheka. Akainama tena kwenye darubini yake, na mimi nimesimama pale na mbwa kwapani, najiuliza huyu mtu nimemkosea nini.

Ngoja niwapeleke tangu mwanzo, maana mkiishia hapo mtanidhania vibaya.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga vyumba viwili na binti yangu wa darasa la pili. Cha mbele nashonea, cha nyuma tunalala. Nyumba ina ua mmoja, wapangaji wanne, na mwenye nyumba anaishi humo humo upande wake. Kipande cha ua cha nyuma amekizungushia mabati na kukitia kufuli. Mpangaji hakanyagi huko.

Tulimpa jina la Bi Usafi. Si kwa mapenzi.

Yule mama anapitisha kidole kwenye fremu ya dirisha lako, anakitazama, halafu anakuonyesha. Mimi na umri wangu huu nimewahi kuitwa uani nifundishwe kukamua dekio. Jumamosi gari la taka likipita, kila mtu anatoa ndoo yake mbele ya wenzake, na yeye anasimama getini anakagua. Ndoo yake huwa na maganda ya matunda na karatasi mbili tatu. Anaiinua juu kidogo ili tuione.

"Nyumba safi haina taka," anasema.

Haya. Tukawa tunaitikia, kodi ni yake.

Sasa siku moja mdogo wangu wa kiume, ambaye hajawahi kuniletea hata kiberiti, akatokea na mtoto wa mbwa. Eti zawadi ya mpwa wake.

Mbwa mwenyewe hakuwa na cha kutazama. Masikio makubwa, miguu kama njiti, tumbo limevimba ngoma. Binti yangu akamwita Jenerali. Jenerali gani anaharisha mpaka anasinzia amesimama?

Na aliharisha kweli. Aliharisha kwenye mkeka, kwenye vitambaa vya wateja, na kwenye kiatu cha mdogo wangu, ambacho ndicho pekee sikukionea huruma.

Uani kila mtu akageuka mganga. Mmoja akasema mpe majivu, mwingine akasema mpe pilipili. Fundi redio wa chumba cha mwisho, mzee mkimya, alisema tu, "Mpeleke kwa daktari, mama. Hao wengine hawajawahi kufuga hata kuku."

Nikampeleka. Daktari akasema ana minyoo, na hayo maziwa ya ng'ombe mnayompa yanamharisha zaidi, acheni. Akampa dawa, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili arudie dozi, kwa sababu dawa ya kwanza haimalizi wale wachanga. Nimpikie wali mweupe na kuku wa kuchemsha bila viungo. Na kinyesi kizolewe hapo hapo, kisikae, asije akajiambukiza upya.

Minyoo ilitoka kama tambi. Sitaeleza zaidi, wengine mnakula.

Akapata nafuu. Akarudia dozi. Akaanza hata kubweka. Halafu, bila sababu, akaanza tena kuharisha.

Siku hizo hizo Bi Usafi akaniletea kaptura za mjukuu wake niongeze kiuno. Mtoto ana miaka miwili na ushei, bado wa pampas, mama yake anafanya kazi mbali na bibi ndiye anayemlea. Nikampima. Miguu ile ile ya mara ya mwisho, mikono ile ile. Kiuno tu ndicho kilichokwenda mbele.

"Tumbo la shibe hilo," akasema, analipigapiga. "Mtoto akilelewa kwenye usafi anajionyesha mwenyewe."

Akageuza macho kwa binti yangu, ambaye ni mwembamba kama baba yake. Akaguna.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nusura zinitoke zimchome.

Halafu akamwona Jenerali amejikunja chini ya cherehani, akaziba pua.

"Fundi, hicho kijibwa chako kitatuletea maradhi humu ndani. Mwisho wa mwezi uchague. Atoke yeye, au mtoke wote."

Nitasema ukweli, mpaka hapo mbwa nilikuwa simpendi. Ningeweza kumrudisha kwa mdogo wangu na nikalala usingizi mzuri. Lakini binti yangu alisikia. Hakulia. Alikwenda chumbani, akatoa vitabu vyote kwenye begi la shule, akamweka Jenerali ndani, akaja kuniuliza, "Mama, tunahama lini?"

Hapo ndipo nilipoapa kwamba mbwa huyu atapona, na atapona mbele ya macho ya yule mama.

Ndiyo nikarudi kwa daktari na kinyesi kwenye kikopo, na ndiyo akaniuliza lile swali la choo.

"Mbwa wako minyoo yake nimeitibu," akasema. "Lakini haya mayai ninayoyaona siyo ya minyoo ya mbwa. Ni ya minyoo ya binadamu. Yanapita tu tumboni mwake. Maana yake anakula kinyesi cha mtu mwenye minyoo, na ndicho kinachomharisha."

Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Nitampa dawa ya kumtuliza tumbo," akaendelea, "ila kama ataendelea kula huko anakokula, tutapeana dawa mpaka tuzeeke. Na huyo mtu, dada, mtafuteni. Anzia na mwanao."

Nilimkimbiza binti yangu hospitali siku hiyo hiyo. Akapimwa. Hana hata mnyoo wa kusingiziwa.

Sasa ni nani? Wapangaji wengine ni watu wazima na choo chao nakijua, maana tunakisugua kwa zamu.

Kesho yake nikaacha kushona. Nikamfungulia Jenerali mlango, nikamfuata polepole, tepu bado shingoni. Akanusa ndoo, akanusa kiatu cha fundi redio, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mabati ya Bi Usafi. Pembeni kulikuwa na kishimo. Akajibana, akapita.

Nikachungulia.

Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na mlima wa pampas. Nyingine kwenye viroba vilivyochanika, nyingine zimelala wazi, nzi wanafanya sherehe. Na Jenerali yuko katikati, anakula kama amealikwa.

Nikaelewa kila kitu kwa pamoja. Mama wa watu aliona aibu kubeba pampas za mavi mbele ya wapangaji wake Jumamosi. Ile ndoo nyepesi aliyokuwa anaiinua tuione, uzito wake wote ulikuwa huku nyuma. Nyani haoni kundule, na huyu la kwake alilizungushia mabati kabisa.

Lakini nikakumbuka na ile kaptura. Miguu ile ile, mikono ile ile. Nikapoa.

Nikambishia hodi, faragha, kwa adabu zote nilizofundishwa na marehemu mama yangu.

"Mama, naomba kuongea na wewe kidogo. Ni kuhusu mtoto."

Nikamweleza daktari alichokiona, na nilichokiona mimi. Nikamwambia mtoto apimwe, lile tumbo si shibe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo unachungulia kwangu?"

"Mama, mtoto..."

"Mjukuu wangu? Huyu? Awe na minyoo?" Akacheka kwa pua. "Kamwambie huyo daktari wako wa ng'ombe asinizoee. Na huo mwisho wa mwezi haupo tena. Jumapili nakuita mbele ya watu."

Akafunga mlango. Nikasikia anapiga deki mahali niliposimama.

Jumapili tukatoka uani na viti vyetu. Bi Usafi amevaa la kanisani, mjukuu kwenye kigoda pembeni, kitovu kimechungulia nje ya shati. Binti yangu amekaa miguuni kwangu, na begi la shule mapajani, tupu, zipu wazi. Nilipomuuliza Jenerali yuko wapi akasema ametoka kidogo.

Hotuba ikaanza. Kuna watu, akasema, wanatoka walikotoka na tabia zao. Kuna watu wanafuga uchafu na kuulisha kuku. Yeye alijenga nyumba hii kwa ajili ya wastaarabu. Wapangaji wote wanaangalia vidole vyao vya miguu.

"Uchafu una mwenyewe," akasema. "Na leo mwenyewe atajulikana."

Bati likagonga.

Jenerali akajitokeza kwenye kishimo kinyumenyume, anavuta kitu kizito kuliko yeye. Akakivuta uani kote, kinachanika njiani na kuacha alama, mpaka katikati ya viti. Akakitua mbele ya viatu vya Bi Usafi, akakaa, akatikisa mkia.

Pampas. Imejaa.

Hakuna aliyepumua, na sababu hazikuwa za heshima peke yake.

Fundi redio akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Hii ni ya nani?" akauliza taratibu. "Maana mimi najijua, sivai."

Bi Usafi amefungua mdomo, hotuba imeisha.

Mjukuu akashuka kwenye kigoda, akaja anatembea na tumbo lake mbele, akainama akaitazama vizuri. Akanyoosha kidole.

"Yangu," akasema, kwa fahari kabisa.

Kikao kikafungwa bila kufungwa. Nilikuwa nimeandaa maneno makali wiki nzima. Sikuyatumia hata moja.

Asubuhi yake tulimwona Bi Usafi akitoka na mtoto mgongoni kuelekea hospitali, bila kukagua dirisha la mtu. Walipewa dawa. Alichokiona baadaye kwenye poti ya mtoto hakutusimulia, ila ukelele wake ulitufikia wote.

Jumamosi ilitoka mifuko myeusi mingi mpaka mzoa taka akamuuliza kama anahama. Kishimo kikazibwa kwa tofali. Na Jenerali, bila dawa nyingine, akakauka tumbo, akaanza kunenepa kunakoeleweka.

Mimi nikasubiri kuombwa msamaha. Nilisubiri sana.

Badala yake, wiki kadhaa baadaye, alisimama mlangoni kwangu na mjukuu mkononi, na zile kaptura zimekunjwa vizuri. Kidole chake kikaenda kwenye meza yangu ya cherehani, kwa mazoea. Kikafika nusu, akakirudisha.

"Fundi," akasema, anatazama ukutani. "Naomba unipunguzie kiuno."

Nikapiga tepu. Mtoto amerefuka. Miguu imejaa, mikono imejaa, na kiuno kimerudi mahali pake. Nikiwa bado nampima akaniponyoka, akaenda kumkumbatia Jenerali shingoni, na bibi yake aliwaona, akawaacha.

Basi ndugu zangu, mtu akija kukagua dirisha lako kwa kidole, usibishane naye, muulize tu nyuma ya tangi lake kukoje. Na mtoto wako, awe wa mtu au wa mbwa, tumbo likikua peke yake na viungo vingine vikabaki palepale, usilisifie watu. Mpeleke akapimwe.