Alituletea Japani Saluni, Wakamtoa Ukumbini

Nilijiapiza kwamba kwenye msiba huu sitagombana na mtu. Nikafika kanisani Jumamosi asubuhi na mwanangu mdogo mgongoni, nikakaa safu ya nyuma karibu na mlango ili akilia nitoke, nikafunga mdomo. Msusi wetu wa Troyeville amefariki, wasomaji wangu. Presha. Taarifa ilinikuta naosha vyombo, nikaisoma kwenye simu kwa mikono ya povu, nikaketi chini pale pale jikoni. Basi, kanisani mzee mmoja akasimama kusoma wasifu: kazaliwa Bukavu, kaja Johannesburg akiwa binti, kafungua saluni, kaacha watoto wawili na mama mzazi. Vyema. Halafu akaikunja karatasi, akatabasamu, akaongeza la kwake. "Na wote tunajua marehemu alipenda filamu za Kichina," akasema. "Mpaka siku moja wakamfukuza ukumbini kwa kelele!" Kanisa zima likacheka. Kilikuwa kicheko cha upole, cha watu waliochoka kulia, sikatai. Lakini kwangu uzi ulikatikia hapo. Nikasimama.

"Za Kijapani," nikasema.

"Mama, tafadhali, tuna ratiba."

"Ratiba itangoja, mzee wangu. Shikamoo kwanza. Filamu ni za Kijapani, siyo za Kichina. Na hakupiga kelele. Alikuwa anasimulia."

"Eish," akanong'ona kijana mmoja mbele yangu. Mama mmoja wa upande wa kwaya akasema kwa sauti, "Mumuache aseme, anasema kweli!" Mzee akanitazama, akamtazama mchungaji, akaita wimbo. Ndivyo wanavyotunyamazisha, kwa wimbo. Nikaimba na mimi, kwa hasira, beti zote.

Sasa kwa kuwa safu hii ya gazetini haina kwaya, niwaeleze. Kwetu Tanzania kuna wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video: mtu anakaa na kipaza sauti, Mmarekani anafungua kinywa, kinatoka Kiswahili. Yeye alikuwa hivyo, ila kwa wanawake walio chini ya kitana. Kwenye saluni yake kulikuwa na televisheni juu ya kabati la dawa za nywele, na diski alizonunua Fordsburg, kwenye yale maduka ambayo ukiingia kutafuta kitambaa unatoka na sufuria. Siku moja mwenye duka alimuongezea tamthilia ya Kijapani kama nyongeza, akaitazama ili isipotee bure, na ndiyo ikawa basi. Tamthilia za Kifilipino na za Kimeksiko alizokuwa akituonyesha zikahamia kwenye droo. Alisuka huku macho yake yako juu, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na anatupa Kiswahili chake cha Bukavu: "Bon, musikilize. Ule kijana iko anawaza, niseme ao nisiseme? Mama yake alishamukataza. Sasa angalia, angalia, anavaa viatu. Anaenda! Hapana, anarudi. Huyu naye!"

Nani angependa kitu kama hicho? Mimi nilikataa mwanzo, nasema wazi. Watu wanakaa kimya mpaka unadhani televisheni imeharibika. Wanainamiana. Sehemu kumi nzima zinakwisha, mvua imenyesha, mwavuli mmoja umeshikwa na wawili, na mkono haujashikwa mkono. Mteja mmoja alikuwa anapiga goti lake kwa uchungu, "Mushike, we mujinga, mushike!" Lakini zile tamthilia zina sifa moja ambayo sisi wanawake wenye shughuli tunaithamini: zinakwisha. Hazikuburuzi miaka mitatu na mapacha waliopotea. Na zina heshima ya vitu vidogo. Mtu akipika, unaonyeshwa anavyopika. Mtu akiomba radhi, paji la uso linafika sakafuni. Na kitu kilichonishika mimi hasa: kila anayeingia nyumbani kwake anatangaza kwamba amerudi, na waliomo ndani wanamjibu. Ni kama hodi, ila unaipigia nyumba yako mwenyewe. Pale saluni tukaiga. Ukiingia unasema, "Nimerudi jamani," hata kama ndiyo mara yako ya kwanza kufika, na wote walioko ndani, wenye rasta nusu na wenye povu kichwani, wanajibu, "Karibu nyumbani." Nimekaa mji huu nimezaa humu, na sijui sehemu nyingine niliyojibiwa hivyo.

Mgao wa umeme ulipotujia, televisheni ikizima katikati ya kilio, hakuna aliyeondoka. Aliendelea kusimulia bila picha. Binti yangu mkubwa, aliyezaliwa hapa, ambaye nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, alikuwa anakaa chini ya miguu yake na kusikiliza akiwa ameacha kinywa wazi. Sasa hivi akitaka biskuti anasimama mlangoni na kusema, "Niseme ao nisiseme?" Kiswahili cha Bukavu, kutoka kinywani mwa mtoto wa mama wa Tanga, kwa hisani ya Japani. Baba yake anacheka mpaka anashika ukuta.

Ila alikuwa mwongo. Lazima niliseme hili, maana marehemu akisifiwa sana anakuwa mtu mwingine. Mara moja niliazima kwake diski ya tamthilia ambayo alituambia imekwisha kwa harusi, nikaitazama nyumbani kwa raha zangu. Mimi Kiingereza cha sekondari ninacho, nasoma. Wasomaji wangu, harusi haikuwepo. Yule binti anapanda treni, yule kijana anabaki kwenye jukwaa la stesheni, anainama, treni inaondoka, majina ya waigizaji yanapanda. Tulikuwa tumeangalia picha hiyo hiyo pamoja, na yeye akatuambia kwamba treni inakwenda kwa wazazi kupeleka habari njema ya posa, na harusi inafuata! Nikarudi na diski mkononi, nimefura.

"Ulitudanganya."

"Nani?" akasema, hata kitana hakukiweka chini.

"Wewe! Hawakuoana!"

"Aa, mama, weye ulisoma masomo mingi." Wateja wakacheka. "Angalia hawa. Ule pale bwana alimuacha na watoto. Huyu hapa anafanya ulinzi, analala mara moja kwa wiki. Nimutume nyumbani na nywele muzuri na roho mubaya? Treni ilienda kwa wazazi. Njo vile. Na weye kaa chini, nywele yako ya nyuma iko inanitia haya."

Nikakaa chini. Ungefanyaje?

Sasa nije kwenye huo ukumbi. Kulikuwa na mteja mwenzetu Mkenya, mwanamke wa benki anayeishi Midrand, anayeendesha gari kuja mpaka Troyeville kila akitaka kusukwa, na ukimuuliza kwa nini anasema huko Midrand wanasuka vizuri lakini hakuna anayemwambia kitu. Yeye ndiye aliyeleta tiketi. Mwaka jana kundi kutoka Japani lilikuwa linapita mjini na mchezo wa jukwaani, wa vinyago vya mbao vinavyochezeshwa kwa mikono, onyesho la Jumapili mchana. Tukaenda wanawake wa saluni, tumevaa. Msusi wetu alivaa kitenge chake cha njano chenye mikono ya kusimama, akasuka nywele zake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Sikujua kwamba kitu cha mbao kinaweza kuniliza. Kila kinyago kikubwa kinaendeshwa na watu watatu, wamesimama nacho hapo hapo jukwaani, wawili wamefunikwa nguo nyeusi mpaka usoni. Mwanzo unawaona wao tu. Unasema, ah, hawa wanatuharibia. Baada ya muda mfupi huwaoni tena, unamuona mwanamke wa mbao anavyopumua. Na pembeni, kwenye kijukwaa chake, amekaa mzee mmoja mnene mbele ya kinara cha kitabu, na mwenzake anapiga gambusi la nyuzi tatu. Yule mzee ndiye sauti ya wote. Anakuwa mume, anakuwa mke, anakuwa mtoto, anakuwa baba mkwe mkali. Anakunja uso, anatoka jasho, analia kwa niaba ya mbao.

Msusi wetu alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. "Muone ule," akaninong'oneza. "Ule njo miye!" Yaani yule ndiye yeye.

Na hapo ndipo akaanza. Ukumbini Kiingereza kilikuwa kinapita kwenye ubao juu ya jukwaa, mbali, na wenzetu watatu hawakisomi. Walikuwa wameanza kuangalia viatu vyao. Basi akainama mbele, akaanza kuwapa, kwa sauti ya chini kabisa, yule mzee akimaliza anapokea yeye. Mke katolewa nyumbani na baba mkwe. Theluji inaanguka. Amerudi usiku na mtoto, amesimama nje ya mlango wa mumewe. Mume yuko ndani, anamsikia, baba yake amemwambia akifungua si mwanawe tena. Wenzetu wakaacha kuangalia viatu. Mmoja alianza kufuta macho.

Yule mwanamke wa mbao akanyanyua mkono kubisha hodi. Akausimamisha hewani. Na mwanga wa tochi ukatupiga usoni.

Alikuwa dada wa ukumbi, mpole, nasema haki yake. Kuna mtu amelalamika, tafadhali tumfuate. Mkenya wetu akajaribu kwa Kiingereza chake cha benki: basi tuhamie nyuma, safu tano za nyuma ni tupu, hatutamsumbua mtu. Dada akasema haruhusiwi. Mimi nilikuwa tayari kuwasha moto. Lakini msusi wetu akasimama, akanyoosha kitenge chake, akamuinamia yule dada kama wanavyoinama kwenye tamthilia, chini kabisa, mgongo umenyooka. Dada wa watu na yeye akainama. Tukatoka kwa mstari.

Huko nje tulicheka, mjue. Tulikaa kwenye ngazi tukala sambusa za kwenye mkoba wa Mkenya, na jua lilikuwa zuri, na nikiikumbuka siku ile ninaikumbuka kama siku njema. Isipokuwa yeye, sambusa mkononi, macho yake yalikuwa kwenye mlango wa ukumbi. Nikamwambia, "Tunga basi. Si kawaida yako? Waoze."

"Hapana," akasema. "Ya televisheni naweza tunga, sababu mwisho yake naijua. Nachagua. Hii siijui. Ule mwanamuke alishanyanyua mukono, mama. Siwezi mufungulia mulango miye."

Tangu siku hiyo kila nilipoingia na kusema nimerudi, alinijibu karibu nyumbani, halafu anauliza, "Hakuna mwenye anajua?" Mkenya alitafuta, kile kijitabu cha onyesho hakikusema. Kundi lilikuwa limeshaondoka. Amekufa hajui.

Nimelifikiria hili siku zote hizi, mtoto akinyonya. Yule wa kiti cha jirani aliyelalamika alikuwa na haki ya kusikia alichokuja kusikia. Sikatai. Mimi mwenyewe basi likiwa na mtu wa simu ya kelele namtazama mpaka anajisikia vibaya. Lakini kuna watu ambao heshima yao ni kunyamaza, na kuna sisi ambao heshima yetu ni kumpasha aliye karibu, asibaki peke yake. Mji huu wetu umejaa watu waliokaa kwenye viti halali na hawaelewi kinachosemwa juu ya vichwa vyao: benki, kliniki, shule ya mtoto. Anayeinama na kukunong'oneza maana, huyo ndiye jirani. Na jirani wa namna hiyo akifa, usikubali hadithi yake imalizwe na waliomtoa nje. Wala na mzee mwenye karatasi. Funzo langu ni hilo, na kwa kuwa funzo lisilo na kazi ni porojo, Jumatatu nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda ukumbini, nikakabidhi barua hii na nikangoja mpaka wakaigonga muhuri. Niliiandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili inasema hivi:

Kwa Meneja wa Ukumbi.

Yah: Malalamiko ya kutolewa kabla ya mchezo kwisha.

Mimi ni mmoja wa wanawake sita mliowatoa mwaka jana kwenye onyesho la vinyago la kundi la Japani, Jumapili mchana. Nalalamika kwamba tuliomba kuhamia viti vya nyuma vilivyokuwa vitupu, tukakataliwa. Nalalamika pia kwamba jukwaani kwenu alikuwepo msimuliaji mkampigia makofi, na kwenye viti alikuwepo wa kwetu mkammulika tochi. Wa kwetu amefariki. Tumemzika Jumamosi, na kanisani imesemwa kwamba alifukuzwa kwa kelele. Naomba mniandikie kwamba hakupiga kelele, ili barua hiyo wapewe wanawe.

Pesa ya tiketi sitaki. Radhi msinitumie. Nataka muwaulize wale wageni wenu jambo moja na mniletee jibu: yule mwanamke aliponyanyua mkono, mlango ulifunguliwa?

Jibu lenu nitalisoma saluni, kwa sauti, mbele ya wote. Hata likiwa baya, sitalibadilisha.