Gesi Ilipoingia Jikoni kwa Hamsinah

Kwa miaka thelathini na mmoja La Mattola alifunga kamba za meli zilizopeleka gesi Japani, na miaka yote hiyo mkewe, Hamsinah, alipikia mafuta ya taa. Mara nyingi jambo hilo lilimchekesha Hamsinah. Siku nyingine, tambi za jiko zikigoma na sufuria ikiwa nyeusi tii, lilimpandisha mori.

"Baba Rosmi," alikuwa akimwambia mumewe akirudi kutoka gatini, nguo zimekauka kwa chumvi, "Wajapani wamepika leo?"

"Wamepika."

"Alhamdulillahi. Basi kaa usubiri, zamu yetu bado."

Hamsinah alifika Bontang Kuala, pwani ya Borneo, akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, katolewa kwa Wabugi wenzake Sulawesi. Kijiji kizima kimesimama juu ya maji kwa nguzo, na siku za mwanzo alitembea juu ya njia za mbao ameshika mkono wa mumewe kama kipofu. Ng'ambo ya pili kiwanda cha gesi kilikuwa kipya. Meli zilipishana, nyeupe, zimebeba matangi ya duara mgongoni kama vyungu vilivyofunikwa. Honi ikilia, wanaume waliacha sahani wakakimbia. Hamsinah alijua kuifunika sahani ya Mattola bila hata kugeuka.

Kilichomshinda kuelewa ni kilichomo ndani ya meli.

"Ni gesi tu," Mattola alimweleza. "Wanaipoza, wanaipoza, mpaka inakuwa maji. Iliyojaa nyumba nzima inaingia pipani. Ikifika kwao wanaipasha, inarudi kuwa gesi."

"Wewe umeiona?"

"Nimeona meli."

Waliiona pamoja mwaka binti yao Rosmi alipoanza shule, siku familia za wafanyakazi zilipoalikwa uwanjani. Mhandisi mmoja, mwanamke wa Kimanado, alivaa glavu nene akamimina kidogo kutoka kwenye chupa. Kilikuwa cheupe kama maji ya kisimani. Kilipogusa ardhi kilichemka, kikatoa ukungu, kikaisha. Ardhi ikabaki kavu! Kisha akaomba ua. Wanawake walisukumana, mwishowe Hamsinah akachomoa yasmini kwenye nywele zake. Likachovywa, likatolewa, likagongwa mezani. Likavunjika kama kigae.

Watu walipiga makofi. Hamsinah alivitazama vipande vya ua lake.

"Kumbe ndicho hiki kinachokuchelewesha nyumbani?" alimnong'oneza mumewe. "Ningejua ni mke mwenza, ningekuja na pilipili."

Mattola alicheka mpaka mkuu wake wa kazi akageuka.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Hamsinah huitamani. Rosmi alikua, akaolewa Samarinda. Mattola akastaafu, magoti yamechoka. Miaka minne baadaye mafundi wakaja na mabomba ya gesi, wakayapitisha kandokando ya njia za mbao, nyumba hadi nyumba. Hii haikuwa ile ya maji. Ilikuwa gesi yenyewe, kabla haijapozwa. Fundi mwenye masharubu aliunga jiko jipya, akanusa, akapaka povu la sabuni kwenye viungio, akaridhika.

"Haya, mzee. Heshima ni yako, washa."

Mattola alishika kiberiti. Hakukiwasha. Miaka thelathini na mmoja alipekuliwa mifuko getini kila asubuhi. Njiti moja tu ingemfukuzisha kazi. Hata sigara aliziacha kwa ajili hiyo. Mkono wake ulisimama hewani.

"Siwezi," alisema taratibu. "Mama Rosmi, toka hapo. Hiki si kitu cha kuchezea."

Fundi alitaka kucheka; Hamsinah akamkata jicho. Akakichukua kiberiti kutoka mkononi mwa mumewe, polepole.

"Simama mlangoni, Daeng," alimwambia. Hakuwa amemwita hivyo, 'kaka' kwa Kibugi, tangu wangali maharusi. "Nikilipuka, utamwambia Rosmi nilikuwa nimevaa vizuri."

Moto ukashika, wa buluu, kimya. Mattola alisogea hatua moja, kisha nyingine.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hii."

"Ndogo," alisema, na macho yake yakalowa.

Wali wa siku hiyo ulikuwa mweupe, hauna harufu ya mafuta ya taa. Wote wawili waliona umepungukiwa kitu. Na Nuraeda, jirani, ambaye kwa miaka mingi alikuja na chupa kuazima mafuta akakaa mpaka samaki wakaungua, naye hakuwa tena na sababu ya kuja. Gesi haiazimwi. Hamsinah alivumilia wiki mbili, kisha akaenda mwenyewe kwa Nuraeda kuomba chumvi, na chumvi anayo kopo zima.

Siku hizi meli ni chache. Visima vya gesi vinakauka, watu husema, na baadhi ya mitambo imezimwa. Hupita siku nyingi bila honi. Juzi ililia moja wakati wa kifungua kinywa. Mattola akaweka tonge chini, akainuka kwa magoti yake mabovu, akaenda kusimama kwenye kizingiti cha upande wa bahari, midomo ikicheza.

"Kamba ya mbele kwanza," alikuwa akisema. "Ya mbele kwanza, msivute bado..."

Hamsinah alimwacha mpaka meli ilipotulia.

"Wameifunga?" aliuliza.

"Wameifunga. Wamechelewa kidogo."

"Sisi tungewahi," alisema Hamsinah, akamsogezea kiti.