Koti la Afisa wa Kifaransa

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumamosi moja baada ya mavuno, noti ya kwanza ilibandikwa kwenye paji la uso la afisa wa Kifaransa. Ilikuwa ya elfu mbili, imelowa jasho, ikanata. Nilisimama pembeni ya jukwaa nikifurahi. Leo nikiikumbuka noti ile natema mate.

Tulikuwa kwenye shule ya msingi ya kijiji kimoja cha Handeni ambacho sitakitaja. Choo cha wasichana kilikuwa kimejaa tangu masika. Funza walipanda hadi sakafuni, na upepo ukigeuka darasa la nne walisoma wameziba pua kwa kola za mashati. Wasichana wakubwa walikwenda kwenye shamba la mihogo la jirani, wawili wawili, mmoja akilinda. Bwana afya alikuwa ameshasema: muhula ukifunguliwa bila choo kipya, anafunga shule. Ndipo mwalimu mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akaniomba niandike mchezo wa kuigiza ili wazazi wakija kuutazama wachangie saruji na nondo.

Mimi natengeneza vyerehani mjini Handeni. Shule niliishia darasa la saba. Historia nimejisomea kwenye vitabu vikuukuu ninavyonunua Korogwe, karibu na stendi. Nilichagua maisha ya afisa mmoja wa wapanda farasi, mtoto wa ukoo wa kikabaila, nikayaunga kutokana na maisha ya wengi wa aina yake. Sikumpa jina. Cheo cha jeshi alinunuliwa na baba yake kabla hajaota ndevu. Wakulima wake walilazimika kusaga kwenye kinu chake na kumlipa, na njiwa wake walikula nafaka yao shambani bila mtu kuruhusiwa kuwarushia hata jiwe. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza na majumba ya makabaila yakachomwa, alisimama bungeni, akalia, akatangaza kwamba anaziacha haki zake zote. Kisha akavuka mpaka na vito vya mkewe, akajiunga na majeshi ya kigeni kuipiga nchi yake mwenyewe. Miaka mingi baadaye alirudi, akadai fidia, akalipwa.

Nilitaka watu warudi nyumbani na kinyaa. Nilidhani njiwa peke yao wangetosha, kwa kijiji ambacho kila msimu kinashinda shambani kikifukuza ndege kwenye mtama.

Afisa aliigizwa na dereva wa bodaboda kutoka mjini, kijana mwenye sauti na kifua. Nilimnunulia koti jekundu la mtumba lenye vifungo vya shaba, nikamtengenezea nywele bandia za katani nyeupe ya Korogwe, maana makabaila wale walivaa nywele zisizo zao. Wakulima waliigizwa na wazazi, na nguo zao zilezile za shamba. Beseni la michango liliwekwa mbele ya meza ya mgeni rasmi, mnunuzi wa mahindi anayejulikana mpaka Kwedizinga.

Kijana alipofika kwenye hotuba ya bungeni, alipiga magoti.

"Kinu nakiacha!"

Mama mmoja akapiga vigelegele, akaja na ile elfu mbili.

"Njiwa nawaacha!"

Wakaja wanne, wakalipita beseni. Mgeni rasmi akainuka, tumbo mbele, akawa anabandika noti za elfu kumi mojamoja, shingoni, mashavuni, ndani ya kola, huku anacheza.

"Huyu ndiye mwanaume!" alipaza sauti. "Analia kama bibi harusi!"

Kijana alirudia hotuba mara tatu. Mama aliyeigiza mjane aliyenyang'anywa mbuzi alibaki amenyoosha mkono mtupu, hakuna aliyemtazama. Kwenye kuvuka mpaka hatukufika kabisa, ngoma ilishaanza.

Nyuma ya darasa mwalimu mkuu alimpelekea kijana beseni.

"Weka humu, baba."

"Niweke nini, mama?"

"Michango."

"Michango si hiyo humo? Hizi mimi nimetunzwa." Akalamba kidole gumba, akahesabu zile noti zenye jasho la watu wote, akalamba tena. "Laki mbili na themanini na saba elfu. Hee! Leo pikipiki inapata tairi."

Nikamwambia watu walitoa kwa ajili ya choo.

"Shikamoo mzee," akasema, ingawa tulikwisha kusalimiana asubuhi. "Wewe ukimtunza mwimbaji harusini, huwa unamfuata na beseni?"

Nikamgeukia mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee ninayemheshimu. Alijikuna kidevu.

"Kijana ana haki yake. Mtu akishatunzwa ametunzwa. Kumnyang'anya itakuwa aibu ya kijiji."

"Na wasichana, mzee?"

"Tutaitisha mchango mwingine."

Mgeni rasmi alicheka mpaka akakohoa. "Fundi, si wewe uliyemwandikia maneno matamu?"

Kijana akawasha pikipiki, kisha akazima. Alikuwa amekumbuka mafuta. Tulimwahidi elfu kumi na mbili za kuja na kurudi, na alizitaka. Mwenyekiti akazitoa kwenye beseni, ambamo kijiji kizima kilikuwa kimetia elfu arobaini na tatu na mia tano. Kijana akaondoka na koti. Nywele za katani alizitupa mlangoni mwa choo. Kabla vumbi la pikipiki halijatua, nzi walikuwa wamezifunika.

Mchango mwingine haukuitishwa. Kwa zile zilizobaki tulinunua mfuko mmoja wa saruji, ukaganda ofisini. Muhula ulipofunguliwa bwana afya alikuja, akachungulia choo mara moja, akatoka ameziba mdomo, akafunga shule. Siku hizi wasichana wanakwenda kusoma kijiji cha pili, na wawili wameacha kabisa.

Mwalimu mkuu aliniomba nimwandikie hesabu ya siku ile. Nilijumlisha alizotunzwa afisa na mafuta aliyolipwa: tulipoteza shilingi laki mbili na tisini na tisa elfu.