Pub tour ya watalii wa meli ilivyokunywa pombe ya baraka zangu kule Bura

Wakuu, salamu kwenu nyote, vijana kwa wazee.

Nimesoma uzi wa yule jamaa anayesifu pub tour, ile ziara ya kuzungushwa baa, aliyopelekwa meli yao ilipotia nanga. Nikacheka kidogo, halafu nikakosa raha siku nzima. Mimi niliwahi kuwa upande wa pili wa hizo tour. Ninayoandika yalinipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa reli pale Voi. Nikampenda Akinyi, binti wa Mjaluo mmoja niliyefanya naye kazi. Tukaoana kwa DC, mkuu wa wilaya, bila kumwambia baba yangu kule Bura, milima ya Taita.

Baba hakugomba, alinyamaza tu. Wanaowajua wazee wetu wa Kidawida, yaani Wataita, watanielewa, ukimya huo ni mbaya kuliko fimbo.

Akinyi akaharibikiwa na mimba mara mbili, na ndugu wakaanza kunong'ona kwamba ni hasira ya mzee.

Kwetu mzazi mwenye kinyongo hukitoa kwa kutasa. Anapiga funda la pombe, anaipuliza nje, anatamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Ndiyo, tulisali misheni sote, baba akiwa mstari wa mbele. Lakini kutasa hakukututoka.

Mimba ya tatu ilipoingia, mama alimbembeleza baba mpaka akakubali. Mama akapika mbangara, pombe yetu ya miwa, kibuyu kimoja kikubwa. Jumamosi mimi na mke wangu tukapanda Bura, yeye amevaa gauni lake la kanisani. Njia nzima alikuwa akicheka, maskini.

Sasa kuna huyu Mwadime, mtoto wa baba yangu mdogo.

Alikuwa tour guide Mombasa. Meli ya watalii ikifika Kilindini, anapakia watu kwenye basi dogo, wanaona ndovu Tsavo, kisha anawazungusha baa za Voi wanywe na wenyeji. Siku hiyo lori la bia halikuwa limefika, baa zote kavu. (Mliokaa Voi enzi hizo mnajua, bia ikikosekana mji wote unakuwa kama una msiba.) Mwadime akakumbuka kwamba mama amepika.

Baba alikuwa ameshanawa mikono kwa maji ya mtungi uliojaa pale mlangoni, tumekaa tayari, basi likaingia uani.

“Baba mkubwa, niokoe! Hawa watu wamelipia pombe na sina hata chupa!”

Mgeni kwetu hafukuzwi. Baba akamwambia mama awamiminie. Nilidhani wataonja tu, kumbe waliipenda, wakaongeza, wakaongeza tena. Nikawa naangalia kibuyu kinavyoinamishwa, roho juu.

Halafu Mwadime akaropoka: “Baba mkubwa, hebu waonyeshe kutasa, wapige picha.”

Baba akasimama. Akamwendea bibi mmoja wa Kizungu mwenye mvi tupu, akapiga funda, akapuliza. Akatamka kwa Kidawida maneno yale yale niliyoyangoja: “Mwanangu, sina neno nawe. Moyo wangu ni mweupe. Nenda ukazae, ukalee.”

Watalii wakapiga makofi. Akinyi hakujua Kidawida vizuri, lakini alinishika mkono kwa nguvu.

Walipoondoka, kibuyu kilibaki na machicha.

“Baba, na sisi je?”

“Pombe imekwisha. Mama yako atapika nyingine.” Hakunitazama.

Haikupikwa. Mara miwa haijakomaa, mara kuna matanga kwa jirani, mara mgongo unamuuma. Mimba ikatoka. Daktari alisema ni mambo ya damu, na simbishii. Lakini nenda ukamwambie hivyo mwanamke aliyeona baraka zake zikipewa mtalii. Tumezeeka wawili tu.

Baba alifariki miaka michache baadaye. Muda wote huo nilikuwa simsemeshi Mwadime, nilimwona ndiye mwuaji wangu. Kwenye matanga nikamlilia shangazi, dada ya baba, kwamba watalii walininywea baraka.

Shangazi akashangaa. “Pombe ya nini? Mimi nilipomkasirikia baba yako, nilimtasia kwa maji matupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia kata.”



Nilichojifunza ni hiki. Kama mzazi wako ana kinyongo nawe, usingoje sherehe. Nenda umwulize ana kwa ana, hata kama jibu litakuua. Mimi niliogopa kuuliza mara ya pili, nikaona rahisi kumchukia Mwadime.

Wenzangu wa Dawida, na yeyote anayewajua wazee, nijibuni bila kunionea huruma. Mtu anayejua kwamba maji yanatosha, na mtungi wa maji umejaa pale mlangoni, siku ile alishindwa kututasia kwa kukosa pombe kweli?